Nani mwengine iko na ufunguo wa chumba chako?



Kila mwaka wakati masomo yanafunguka, vijana wanashuka Bukavu, Goma, Butembo, Kisangani, Lubumbashi, na valizi moja na godoro juu ya kichwa, wanatafuta chumba. Bayeri anawauliza mambo mingi: unasoma wapi, baba anafanya kazi gani, nani atalipa, uko na garanti ya miezi ngapi, wageni watalala? Tunajibu yote, juu tunataka mahali pa kulala. Lakini kuna swali ambalo sisi hatumuulizi. Ule zamu wa ku mlango wa parsele, ule kijana anayekuja kutengeneza robine, ule mtu anayepokea pesa ya stima kila mwezi: wametoka wapi, na ni nani kati yao anashika ufunguo wa pili wa chumba changu?

Kuna mahali ambako swali hilo limekuwa sheria, na sheria hiyo iko na historia ndefu kuliko nilivyofikiri wakati nilianza kuisoma. Mimi ni mtu wa kilimo, si mtu wa sheria, basi wanasheria wa ukurasa huu watanisamehe. Maoni yangu nayasema hapa mwanzo ili msiyatafute: kwa zaidi ya miaka 200 watu wameweka nguvu nyingi sana katika kuchunguza karatasi ya mfanyakazi, na nguvu kidogo sana katika kuchunguza ufunguo anaopewa.

Tuanze Marekani, jimbo la Minnesota, kule kaskazini linapopakana na Kanada. Mwaka 1978 kampuni moja ya nyumba za kupanga, K.M.S. Investments, iliajiri mtu wa kusimamia jumba la apartimenti. Kazi yake ilikuwa ile tunaijua: kuonyesha vyumba, kupokea kodi, kutengeneza vitu vilivyoharibika. Kwa kazi hiyo alipewa paspartu, ule ufunguo mmoja unaofungua milango yote ya jumba.

Ku fishe ya kuomba kazi kulikuwa swali kama amewahi kuhukumiwa. Aliandika kwamba alipata makosa ya barabarani, yale ya kuendesha gari. Walipomuomba watu wawili wa kumshuhudia, aliandika jina la mama yake na jina la dada yake. Hakuna mtu aliyepiga simu kuuliza. Kumbe bwana huyo alikuwa ametoka gerezani kwa masharti, na nyuma yake kulikuwa hukumu za wizi wa kutumia silaha na kuvunja nyumba. Mwaka uleule, usiku mmoja, alifungua mlango wa lokateri mmoja na paspartu yake, kisu ku mkono, akambaka yule mama ndani ya chumba chake.

Mama huyo na mume wake walishtaki kampuni. Walisema: huyu mtu alifanya uovu, ndiyo, na yeye atalipa kwa upande wake, lakini nyinyi ndio mlimkabidhi ufunguo wa nyumba yetu bila kumuuliza alikotoka. Kesi ikapanda mpaka mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1983 majaji wakawapa haki. Walisema kwamba mwenye nyumba anayempa mtu njia ya kuingia ndani ya makao ya wengine ana wajibu wa kumjua huyo mtu kwanza.

Lakini majaji hao walisema kitu kingine ambacho watu wengi wanakisahau wakati wanataja hukumu hii. Walikataa kusema kwamba kila mwajiri lazima achunguze maisha ya kila mfanyakazi. Kipimo walichoweka ni hatari ya kazi yenyewe. Mtu wa kukata nyasi inje hana shida sawa na mtu wa paspartu. Kwa maneno mengine, kwa macho ya wale majaji, kilichozaa wajibu ni ufunguo. Mkumbuke hiyo, juu tutairudilia.

Sasa turudi nyuma kidogo, juu wazo la kumuuliza mtumishi alikotoka halikuzaliwa Minnesota. Katika miji mikubwa ya Ulaya, London kwa mfano, nyumba za matajiri zilijaa watumishi tangu zamani, na watumishi walilala ndani ya nyumba ileile. Mwenye nyumba alijilinda na barua. Ukitoka kazi, bwana wako wa zamani anakuandikia barua ya tabia, na bila barua hiyo hakuna nyumba itakupokea. Mara moja biashara ikaanza: watu wakauza barua za uongo, wengine wakajifanya mabwana wa zamani ili kumsifu rafiki. Ndio maana mwaka 1792 bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kutoza faini ya pauni 20 kwa mtu anayetoa barua ya tabia ya uongo. Pauni 20 wakati ule ilikuwa mali kubwa, mtumishi wa kawaida hakuipata kwa mwaka mzima.

Basi mwaka 1840 ikatokea kesi ambayo iliwatikisa mabwana wote wa London. Lord William Russell, mzee wa miaka 72, alikutwa asubuhi kitandani kwake shingo imekatwa. Nyumba ilikuwa imepekuliwa kama vile wezi waliingia kutoka inje. Polisi wakaona haraka kwamba alama za kuvunja mlango zilitengenezwa kutoka ndani. Mwenye kosa alikuwa valeti wake, kijana wa Uswisi, François Benjamin Courvoisier, ambaye alikuwa na wiki tano tu katika kazi hiyo. Bwana mzee alikuwa amegundua kwamba anaiba vyombo vya fedha.

Na huyu Courvoisier alikuwa na barua nzuri! Barua za kweli, kutoka kwa mabwana wa kweli ambao walimsifu kwa moyo wote. Sheria ya 1792 haikuwa na kitu cha kumshika nacho. Kilichomuangusha kilitoka mahali pengine: vyombo vilivyoibiwa vilipatikana katika oteli moja ndogo ya Leicester Square, ambako alikuwa amefanya kazi ya kuhudumia wageni mbele ya kuingia nyumba za wakubwa. Alikuwa ameviacha pale ndani ya furushi kwa mama mwenye oteli, kama mtu anayeacha mzigo kwa rafiki. Mama yule alisoma habari za kesi, akafungua furushi, akaenda kutoa ushahidi. Tarehe 6 Julai 1840 kijana alinyongwa mbele ya gereza la Newgate, na umati wa watu karibu 40,000 ulikuja kutazama. Waandishi Dickens na Thackeray walikuwa kati yao, na Thackeray alirudi nyumbani na uchungu mpaka akaandika kupinga ule mchezo wa kunyonga watu hadharani.

Mimi kesi hii inanisaidia kuelewa kitu kwa njia ya kazi yangu. Wenzangu wa agronomia wanajua etiketi ya mbegu iliyothibitishwa. Ile karatasi inasema kwamba siku ya kupimwa, mbegu za loti hii ziliota kwa kiasi fulani. Haisemi gunia lililala wapi baadaye, kama mvua ililigusa, kama muuzaji alichanganya mbegu zingine. Mkulima anayenunua etiketi bila kuangalia gunia, anaweza kulia na etiketi mkononi. Barua ya tabia ya Courvoisier ilikuwa etiketi ya kweli.

Upande wa Ufaransa walichukua njia ingine, na hiyo ndiyo ilifika mpaka kwetu. Waliona barua ya bwana haitoshi, serikali yenyewe iandike. Mwaka 1848 mwanasheria mmoja wa Versailles, Arnould Bonneville de Marsangy, alipendekeza kwamba kila hukumu ya mtu itumwe ku mahakama ya mahali alipozaliwa, iwekwe ndani ya sanduku moja. Ukitaka kumjua mtu, uliza kule alikozaliwa. Mwaka 1850 serikali ilikubali, na hapo ndipo ikazaliwa ile tunaita casier judiciaire. Sisi wote tunaijua, tunaiweka ku dosie ya kazi pamoja na ile attestation ya bonne vie et mœurs ya komini, foto pasporo na fotokopi ya diplome.

Shida ya kazie ilionekana haraka: inafuata jina, na jina linaweza kubadilishwa. Mtu akitoka gerezani anajiita jina lingine, na sanduku linabaki kimya. Ndio maana katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris, alianza kupima watu mwili: urefu wa mkono, upana wa kichwa, urefu wa kidole. Kisha vidole vikashinda. Mwaka 1897, Kalkuta huko Uhindi, Waingereza walifungua ofisi ya alama za vidole, na wale waliofanya hesabu ngumu ya kuzipanga walikuwa Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, hata kama mfumo ulipewa jina la mkubwa wao, Edward Henry. (Hiyo nayo ni historia tunaijua: assistant anafanya kazi, professeur anasaini.)

Vidole vikatoka Uhindi vikapanda meli mpaka Afrika, na hapa historia inageuka sura. Kenya, sheria ya 1915 ambayo ilianza kufanya kazi baada ya vita vya kwanza, ilimlazimisha kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande: jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe ya kuingia na kutoka kazi, mshahara. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri mpya alisoma, akajua bwana wa zamani alikulipa ngapi, basi hawezi kukuongeza. Na kama bwana alikataa kusaini kwamba umetoka, huwezi kwenda kuajiriwa pengine, na ukiondoka hivyo unatafutwa kama mhalifu. Harry Thuku alisimama kupinga kipande pamoja na kodi, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokuja kumdai Nairobi wakapigwa risasi.

Huku Congo ya Wabelgiji mambo yalifanana. Chini ya dekreti ya 1922 ya mkataba wa kazi, mfanyakazi mweusi aliyetoroka kazi alipelekwa jela kama mkosaji. Muangalie vizuri maana ya hiyo. Boyi wa nyumba anayemkimbia bwana anayempiga, anapata hukumu. Kesho bwana mwingine anauliza: una hukumu? Ndiyo, anayo. Karatasi inasema kweli, na bado inadanganya, juu ile mashine ya kuuliza kama mtu ni mbaya ndiyo hiyohiyo ilimfanya kuwa mbaya.

Kisha mwaka 1948 wakaleta carte du mérite civique kwa wale waliojiita évolués, na 1952 wakaleta immatriculation, ya juu zaidi. Kwa hiyo ya pili waliingia mpaka ndani ya nyumba ya mwombaji kuchunguza: mnakulaje, na forshete? Mke anakaa mezani? Patrice Lumumba aliomba, akakataliwa kwanza, akaipata mwaka 1954 kule Stanleyville. Na miaka miwili baadaye Lumumba huyo alikamatwa kwa pesa za posta alikofanya kazi, akahukumiwa, akatoka gerezani mwaka 1957.

Ningependa tukae hapo kidogo. Mwaka 1957, Lumumba ni mtu aliyetoka jela kwa kosa la pesa. Kama kungekuwa sheria kali ya kuchunguza kila mwombaji wa kazi na kumfukuza kila mwenye hukumu, angefanya nini? Yeye alienda Léopoldville, na kiwanda cha bia cha Bracongo kikamuajiri kuuza Polar. Kazi hiyo ilimtembeza katika mabaa na makartie yote ya mji, watu wakamjua, na mwaka 1960 akawa waziri mkuu wetu wa kwanza. Sisemi kila mtu aliyetoka Makala au Munzenze ni Lumumba. Nasema dosie yake, kama ingepita leo mbele ya mtu wa ressources humaines, ingeenda moja kwa moja ku takataka.

Tukishajua hayo, turudi Minnesota, juu kule walijaribu kupima pande mbili. Baada ya hukumu ya 1983 wenye nyumba walikuwa na wajibu, lakini njia ya kuutimiza haikuwa wazi. Kisha binti mmoja, Kari Koskinen, aliuawa na msimamizi wa jumba alimokuwa anaishi, mtu ambaye alikuwa na hukumu za zamani. Mwaka 1995 bunge la jimbo lilitoa sheria iliyobeba jina la binti huyo. Inasema: kila mwenye nyumba za kupanga, mbele ya kuajiri msimamizi ambaye ataweza kuingia ndani ya vyumba vya watu, lazima aombe polisi ya upelelezi ya jimbo imchunguze.

Sheria hiyo inagawa makosa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mauaji, kubaka, kuteka watu, na mengine ya ukali wa namna hiyo: huyo haajiriwi hata kidogo kwa kazi ya msimamizi. Fungu la pili ni makosa yenye uzito mdogo kuliko hayo: anaweza kuajiriwa kama miaka zaidi ya 10 imepita tangu amalize adhabu yake. Mimi naona hiyo miaka 10 kuwa kitu cha heshima. Ni sheria inayokubali kwamba mtu anaweza kubadilika, na inaandika tarehe.

Lakini kuna mlango mdogo uliobaki wazi. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kumuajiri msimamizi akishaomba uchunguzi, hata mbele majibu hayajarudi. Majibu yakiwa mabaya, atamuondoa. Naelewa kwa nini: jumba haliwezi kukaa bila mtu. Lakini siku zile za kungojea, ufunguo uko mfukoni mwa nani?

Upande wa pili wa mizani, kuna utafiti ambao kila mwanafunzi wa sosiolojia angepaswa kuujua. Mwanasosiolojia Devah Pager alituma vijana kuomba kazi ndogondogo kwa waajiri 350 wa mji wa Milwaukee, Wisconsin, na akatoa majibu mwaka 2003. Vijana walifanana kwa masomo na kwa kuongea. Wengine walisema wametoka gerezani kwa kosa la madawa, wengine hapana. Wazungu wasio na hukumu waliitwa tena kwa asilimia 34, Wazungu wenye hukumu 17. Weusi wasio na hukumu 14, Weusi wenye hukumu 5. Rudia kusoma namba zile za katikati: Mzungu aliyetoka jela aliitwa zaidi kuliko mtu Mweusi ambaye hajawahi kukosa kitu. Nikikumbuka kipande na dekreti ya 1922, sishangai sana, lakini namba zinauma.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia majimbo ya kule, Minnesota ikiwemo, ilikuwa tayari imesema mwaka 1975, katika kesi ya kampuni ya reli, kwamba mwajiri hawezi kufunga mlango kwa kila mwenye hukumu bila kuangalia ni kosa gani, la lini, na kazi gani. Na tangu mwaka 2014 waajiri wa Minnesota hawaruhusiwi kuuliza habari za hukumu ku fishe ya kwanza, isipokuwa pale sheria yenyewe inalazimisha uchunguzi, sawa kwa wasimamizi wa nyumba.

Sasa tufike ku kesi ya karibuni, na ndiyo ilinifanya niandike. Orlando, jimbo la Florida, Septemba 2021. Miya Marcano, miaka 19, alikuwa mwanafunzi wa koleji, na alifanya kazi katika ofisi ya jumba lilelile la apartimenti alimokuwa anapanga. Mfanyakazi wa matengenezo wa jumba hilo alikuwa amemtamani, yeye akamkataa. Tarehe 24 Septemba alipotea. Polisi waligundua kwamba ufunguo wa elektroniki unaofungua vyumba vyote ulitumiwa kuingia kwake mchana ule, mbele yeye hajatoka kazini. Mwili wake ulipatikana tarehe 2 Oktoba. Yule mwanaume, ambaye polisi walimshuku, alikuwa amejiua siku chache mbele.

Watu wote waliuliza: kwa nini hamkumchunguza? Kampuni ya jumba ikajibu kwamba ilimchunguza. Ilisema wafanyakazi wake wote wanapitishwa ku huduma ya uchunguzi ya nchi nzima, na kwa huyo hakukutwa wizi wa kuvunja nyumba wala kosa la kingono. Etiketi ilikuwa safi.

Juni 2022 gavana wa Florida alisaini sheria inayoitwa kwa jina la Miya. Magazeti mengi yaliandika kipande cha kwanza tu: wenye apartimenti wamchunguze kila mfanyakazi kama sharti la kuajiriwa, hukumu zake na orodha za wakosaji wa kingono za majimbo yote 50 pamoja na mji mkuu. Ni vizuri. Lakini kama kampuni ilisema kweli, kipande hicho kisingemuokoa binti yule. Kinachonivutia ni vipande viwili vilivyoandikwa chini yake. Cha kwanza: jumba liwe na daftari la funguo, kila ufunguo wa kila chumba uandikwe unapotoka na unaporudi, na kuwe na utaratibu wa kuzitunza. Cha pili: mwenye nyumba akitaka kuingia kutengeneza kitu, amuarifu lokateri saa 24 mbele, zamani ilikuwa saa 12.

Hapo sheria iligusa ufunguo wenyewe. Wale majaji wa 1983 walikuwa wameshaonyesha kidole pale. Ilichukua miaka 39, na jimbo lingine, na binti mwingine.

Na huku kwetu? Tuseme ukweli: karatasi tunazo. Ile ya komini unaipata kwa kujaza na kulipa, na anayesaini mara nyingi hajakuona kamwe. Katika makartie yetu uchunguzi wa kweli unafanywa na kinywa: zamu analetwa na mtu wa kijiji cha bayeri, au na mtu wa kanisa, na huyo ndiye anamshuhudia. Siidharau njia hiyo, mara nyingi inajua mengi kuliko parke. Lakini muikumbuke ile fishe ya Minnesota, mashahidi mama na dada. Na hata ingekuwa bora, tunajua inamfungia nani mlango: mgeni asiye na mtu, mkimbizi wa vita, kijana aliyelala jela miezi sita bila kuhukumiwa na kutoka bila karatasi yoyote.

Upande wa ufunguo, sisi tuko nyuma zaidi. Nimepanga vyumba vitatu tangu graduat mpaka licence, na katika vyote ufunguo wa pili ulining'inia ku msumari, kwa zamu au ndani ya saluni ya bayeri, na watoto wa parsele yote wanajua ni msumari gani. Dada zetu wengi wamepata dawa yao: wananunua kadena mpya siku ya kwanza. Bayeri wengine wanakasirika, na hoja yao siyo ya kipuuzi. Stima ikishika moto ndani ya chumba na wewe uko ku auditoire, nani atafungua? Bomba likipasuka?

Basi pendekezo langu kwa komite ya ukurasa huu ni dogo. Tayari mnasaidia wadogo zetu kusoma mkataba wa kupanga, hasa mambo ya garanti. Ongezeni mistari hii, na mwanasheria aisahihishe: «Ufunguo wa pili unatunzwa na bayeri mwenyewe ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa na pande mbili juu ya gundi. Bahasha ikifunguliwa, bayeri anaandika ndani ya kaye siku, saa, sababu na jina la aliyeingia, na lokateri anaarifiwa siku ileile. Kwa matengenezo ya kawaida, lokateri anaarifiwa siku moja mbele.» Mwezi uliopita nilimpelekea bayeri wangu wa sasa mistari hiyo ku karatasi. Alisoma mara mbili, akauliza nani atalipa bahasha.